Akili Unde na Ufundishaji wa Usanifu wa Bidhaa: Nini Kipimwe?

Usanifu wa bidhaa ni taaluma ya kuvipa vyombo umbo linaloafiki matumizi yake. Aghalabu, mwanafunzi wa taaluma hii hupimwa kwa ubora wa mchoro anaouwasilisha. Hata hivyo, tangu mwaka wa 2022, programu kama vile Midjourney na Stable Diffusion zilipoufikia umma, mchoro wa kuvutia hupatikana kwa sentensi moja tu. Swali linalozuka ni hili: ikiwa mashine ndiyo iliyochora, alama anayotuzwa mwanafunzi inapima nini? Makala haya yanashikilia kwamba uzito wa tathmini sharti uhamishwe kutoka kwenye picha hadi kwenye uchunguzi, majaribio na utetezi wa uamuzi.

Tuchukue mfano wa mbuzi ya kukunia nazi inayotumiwa Pwani. Mwanafunzi akiiagiza programu imchoree mbuzi ya kisasa, huenda akapata picha nadhifu yenye miguu myembamba na chuma kinachong'aa. Picha hiyo haitamweleza kwamba uzito wa anayekuna ndio unaokituliza kibao, wala kwamba kimo cha kibao huamua iwapo mgongo utauma kabla ya kizio cha pili kwisha. Mambo haya hujulikana kwa kuketi, kukuna na kumsikiliza mpishi.

Hii haimaanishi kwamba akili unde ipigwe marufuku. Mjini Milan mwaka wa 2019, kampuni ya Kartell ilionyesha kiti alichokisanifu Philippe Starck kwa msaada wa programu ya Autodesk. Starck aliitaka programu itafute namna ya kuutegemeza mwili kwa malighafi kidogo iwezekanavyo. Programu ilipendekeza maumbo; swali lenyewe lilitoka kwa binadamu.

Mabadiliko yanayopendekezwa yana msingi wa tangu zamani. Shule ya Bauhaus, iliyoasisiwa na Walter Gropius mjini Weimar, Ujerumani, mwaka wa 1919, hapo mwanzoni iliziweka karakana zake chini ya walimu wawili: msanii na fundi. Kwa mantiki hiyo, mhadhiri wa leo anaweza kutuza alama katika hatua tatu. Kwanza, mwanafunzi aeleze tatizo alilolishuhudia kwa watumiaji. Pili, aunde kielelezo cha mbao au kadibodi na kukijaribu pamoja nao. Tatu, atetee kwa mdomo kwa nini aliyakubali au kuyakataa mapendekezo ya mashine.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili hatujatengwa na mjadala huu. Agizo linaloandikiwa mashine ni matini. Mzungumzaji wa Kiswahili hutofautisha "mbuzi huyu" wa ngeli ya A-WA na "mbuzi hii" ya ngeli ya I-ZI. Programu iliyolishwa matini chache za Kiswahili huenda ikamchora mnyama mwenye ndevu. Ni jukumu letu, basi, kuwaendea mafundi, kukusanya majina ya vyombo na sehemu zake, na kuyaandika pamoja na maelezo ya matumizi. Msanifu asiyekuwa na istilahi hizo atalazimika kuvieleza vyombo vya kwao kwa lugha ya kigeni, na huenda akapewa vyombo vya wengine.