Kabla fundi hajafunga hedi ya bodaboda yako, mwambie apime nafasi hii

Kama unaendesha bodaboda Bomani, Tarime, unajua injini ikifunguliwa hakuna hesabu siku hiyo. Ikifungwa vibaya ikarudi tena kwa fundi, hasara ni mara mbili.

Kitu kinachorukwa mara nyingi ni kupima nafasi kati ya pistoni na hedi, pistoni ikiwa juu kabisa. Nafasi hiyo ndiyo inayoamua mgandamizo, wenyewe wanaita kompresheni.

Hesabu yake ikoje?

Chukua injini ya Honda CG125, ambayo muundo wake umeigwa kwenye pikipiki nyingi za Kichina. Silinda ina upana wa mm 56.5 na pistoni inasafiri mm 49.5, ndiyo cc 124. Mgandamizo wa 9 kwa 1 maana yake cc 139.5 za hewa na petroli zinabanwa hadi cc 15.5.

Ukiweka gasketi iliyo nyembamba zaidi kwa nusu milimita tu, nafasi inapungua kama cc 1.25. Mgandamizo unafika karibu 9.7. Nguvu inaongezeka kidogo, lakini na joto pia. Petroli inaweza kujilipukia yenyewe, injini ikaanza kugonga ukipanda mlima na mzigo, mwisho pistoni inatoboka.

Ukiweka gasketi mbili? Injini inakuwa nzito na inakula mafuta.

Inapimwaje?

Haihitaji mashine ya gharama. Waya laini wa kulehemu redio na venia vinatosha.

1. Weka vipande viwili vya waya ukingoni mwa pistoni, kwenye mstari wa pini yake. Vishike kwa grisi.
2. Funga hedi na gasketi ya aina utakayotumia, kaza nati kwa kipimo.
3. Zungusha injini taratibu kwa mkono. Ikigoma, usilazimishe.
4. Fungua, pima unene wa waya uliobanwa. Kama haukubanwa, tafuta mnene zaidi.

Kwa injini ndogo, wengi hawashuki chini ya mm 0.8. Chuma kinatanuka kikipata moto, hivyo pistoni iliyo karibu mno itagonga hedi.

Wewe dereva huhitaji kujua kupima. Kabla hedi haijakazwa moja kwa moja, uliza tu: "Fundi, waya umesoma ngapi?"