Chombo cha Mfano Kiseme Kweli

Maji yapitayo mbele ya mji wa Pangani na kuingia katika bahari inayokabili Unguja na Pemba, sehemu yake hutoka huku mlimani kwetu. Mto Lumi huanzia miteremko ya mashariki ya Kilimanjaro ukamwaga maji yake katika Ziwa Jipe. Hutoka humo kwa jina la Ruvu, na baada ya kukutana na Kikuletwa penye bwawa la Nyumba ya Mungu, ndipo huitwa Pangani mpaka baharini. Kwa hiyo ndugu zetu wa visiwani wasistaajabu wakisikia kwamba hapa Mkuu, Wilaya ya Rombo, mahali ambapo watoto wengi hawajapata kuona tanga likitwekwa, tunazungumza habari za vyombo.

Seremala mmoja wa hapa ameunda mashua ndogo ya mfano, urefu wake kama mkono wa mtu mzima, ifananayo na zile zifanyazo kazi katika mlango wa Mto Pangani. Imekusudiwa kuwekwa shuleni. Umbo limekwisha: mkuku, mataruma, mbao za ubavuni, mlingoti na foromali, vyote kwa mti wa mgrivea, ule upandwao mashambani kuipa kahawa kivuli. Kilichobaki ni kuimalizia, na hapo ndipo watu walipogawanyika. Wengine wataka ipakwe vanishi ing'ae kama meza ya mgeni. Wengine wasema ifanyiwe alama za jua, maji na kazi, ili mtoto aone chombo kilichopata kusafiri. Sisi tumo katika kundi la pili, na tunaona kwamba jambo hili si dogo kama linavyodhaniwa.

Wazee wa visiwani wanalijua jina la mtepe. Chombo hicho mbao zake zilishonwa kwa kamba za nazi pasipo msumari wa chuma, na tanga lake lilikuwa mkeka wa pembe nne. Kabla ya kufika katikati ya karne ya 20 kilikwisha kutoweka katika pwani yetu. Leo maarifa ya umbo lake yamo kwa sehemu kubwa katika mifano midogo, picha na maandishi. Mwaka 2003 mafundi waliunda mtepe wa kipimo kamili kwa ajili ya makumbusho ya Beit el Ajaib, mjini Zanzibar. Na tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba hilo iliporomoka na kuua watu wawili. Hata jumba kubwa, basi, si hazina ya milele. Sasa tujiulize: lau mtengeneza mfano wa mtepe, kwa kutaka tu uonekane mkongwe, angalichora michirizi ya kutu ubavuni, mjukuu wetu angalisoma nini hapo? Angaliamini kwamba mtepe ulipigiliwa misumari.

Mashua, kwa upande wake, ina misumari, na kutu yake ni haki yake. Lakini iteremke kutoka kwenye kichwa cha msumari kufuata njia ya maji, isirashwe kila mahali kama pilipili. Kadhalika chombo cha mlangoni mwa mto hakifanani na jahazi la bahari kuu. Maji yakipwa hulala matopeni, kwa hiyo tope huacha mstari chini ya tumbo lake. Husukumwa kwa upondo, basi ukingo hulika pale asimamapo mwenye upondo, hauliki pengine. Kamba ya tanga nayo hukwaruza mahali pamoja siku zote. Alama isiyo na sababu ifutwe.

Kazi yenyewe yataka subira. Kwanza msasa, na neno hilo, tukumbushane, ni jina la mti ambao majani yake yenye kukwaruza yalitumiwa na mafundi kabla ya kuja karatasi za dukani. Kisha rangi ya ubao mkongwe. Misumari yenye kutu ikilowekwa katika siki kwa siku kadhaa hutoa maji yanayoutia ubao weusi wa kijivu, na fundi mwenye busara huyajaribu kwanza juu ya kipande kilichobaki, maana kila mti hujibu kwa namna yake. Juu ya mstari wa maji chombo halisi hupakwa sifa, mafuta ya papa, ambayo huukoleza ubao; kwenye mfano, mafuta kidogo yaliyofutwa kwa kitambaa yatosha, na pua za walimu zitashukuru. Chini ya mstari huo chombo halisi huunguzwa kwa moto wa makuti ili kuua wadudu watoboao mbao, ndipo kikapakwa deheni, yaani shahamu na chokaa. Shahamu shuleni itaita siafu. Chokaa nyepesi yenye gundi itafanya kazi hiyo, ikiachwa nyembamba ili weusi wa moto uonekane kwa chini.

Tanga ni kipande cha marikani kilichochovywa katika kahawa nzito na kukaushwa kivulini. Rombo haiwezi kukosa kikombe kimoja cha kahawa kwa ajili ya bahari. Kiraka kiwekwe pale tanga lisuguapo mlingoti.

Tunafahamu hoja ya wauzaji: mgeni hununua kinachong'aa. Hatuwakatazi kuuza. Ila ofisi ya serikali, shule au makumbusho inapoagiza chombo cha mfano si mgeni wa siku mbili, na haifai kununua kwa jicho la mgeni. Tangu Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa mwaka 1967 tumekuwa tukisema kwamba shule zitengeneze vifaa vyake, na SIDO iliundwa mwaka 1973 kuviinua viwanda vidogo. Lakini maafisa wengi humlipa fundi kwa ukubwa wa kitu. Siku za kumalizia, ambazo huweza kuzidi siku za kuunda, huhesabiwa kuwa mchezo, naye hukimbilia kopo la vanishi kwa sababu vanishi hukauka upesi.

Kwa hiyo tunawaomba maafisa utamaduni na maafisa elimu, wa Bara na wa Visiwani, waagizapo kazi kama hii, waandike katika mkataba aina ya chombo, mahali kilipofanya kazi na siku za kumalizia. Na wamwite baharia au fundi wa vyombo akitazame kabla ya fedha kulipwa. Chini ya mkuku paandikwe jina la fundi, mti uliotumika na mwaka. Mashua ya Mkuu bado inangoja kamba ya nazi kutoka pwani, kwa kuwa katani iliyopo dukani ni nyeupe mno na fundi ameikataa.