Mirija minne ya asali: ukarimu wa Wahadzabe unatoka wapi?

Karibu kila kikundi kina mtu anayechangia kidogo na kula sawa na wengine. Kwa hesabu ya haraka, huyo ndiye anayefaidi. Basi kwa nini sote hatujawa wachoyo?

Mwaka 1992 Martin Nowak na Robert May walionyesha kwa kompyuta kwamba kila mmoja akishughulika na majirani zake tu, watoaji hujikuta wamekaa pamoja, wakanufaishana, na wachoyo wakashindwa kuwamaliza. Sawa, lakini hiyo ni kompyuta. Watu je?

Coren Apicella na wenzake walikwenda kwa Wahadzabe, wawindaji na wakusanyaji wa chakula cha porini wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania. Walipima watu 205 katika kambi 17. Kila mmoja alipewa mirija minne iliyojaa asali, na kwa Mhadzabe ni vigumu kupata chakula kinachopendwa kuliko asali. Aliweza kubaki nayo yote, au kutia kiasi kwenye fungu la kambi bila wenzake kumwona. Iliyotiwa humo iliongezwa, kisha ikagawiwa sawa kwa wote, hata kwa yule ambaye hakutoa kitu.

Matokeo yalitoka mwaka 2012. Kambi nyingine zilijaa watoaji, nyingine wabanaji, na watoaji walikuwa na marafiki watoaji. Ilikuwa rahisi kusema kwamba watu wema huchaguana.

Ila Wahadzabe huhama mara kwa mara, na wenzao wa kambi hubadilika. Kwa hiyo watafiti, akiwemo Ibrahim Mabulla, walilifuatilia jambo hilo kwa miaka sita. Ripoti yao ya 2018 ilileta jibu jingine. Mtu yuleyule akiwa kambi ya watoaji alitoa. Akikaa na wabanaji, naye alibana. Ukitaka kukisia atatoa mirija mingapi, alichotoa zamani hakikusaidia sana. Kilichosaidia ni kutazama wanachotoa wale anaoishi nao sasa.

Asali si pesa ya kikoba, na vikoba havikupimwa. Hata hivyo, kikao kikianza kujadili nani afukuzwe kwa kutolipa, mimi ningeuliza kwanza wangapi wengine wamechelewesha mwezi huo.