Kusimamia Miradi ya Kompyuta Katika Kaunti: Kazi Hii Ni Gani?

Vijana wengi katika vikundi vyetu wamesomea kompyuta. Wakisikia kazi ya kaunti, wao hufikiri ni kupiga taipu au kutengeneza mashine zilizoharibika. Lakini iko kazi nyingine ambayo wachache wanaijua: kusimamia miradi ya teknolojia. Hebu tuiangalie, maana inamhusu kijana anayetafuta kazi na pia mama anayeuza sukuma wiki sokoni.

Ilitoka wapi?

Katiba ya 2010 ilileta kaunti 47, nazo zikaanza kazi baada ya uchaguzi wa Machi 2013. Kaunti zilipewa masoko, zahanati, shule za chekechea na kukusanya ada zake. Kazi hizo zote zinataka rekodi. Ndiyo sababu kaunti nyingi zimeleta kompyuta na malipo kwa simu badala ya kitabu cha risiti.

Msimamizi hufanya nini?

Tuchukue mfano wa ushuru wa soko. Kaunti inataka wachuuzi walipe kwa simu. Basi msimamizi hufuata hatua hizi:

1. Kusikiliza. Anaenda sokoni na kuuliza. Je, kila mchuuzi ana simu? Mtandao unashika? Asiyejua kusoma atasaidiwa na nani?

2. Kupanga pesa, muda na watu. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai. Mradi usio katika bajeti haupati pesa.

3. Kununua kwa kufuata sheria ya ununuzi ya 2015. Anaeleza wazi kinachotakiwa ili zabuni ishindaniwe kwa haki. Hapa ndipo majaribu ya hongo huwa makali.

4. Kujaribu katika soko moja kwanza, kabla ya kwenda kwa yote.

5. Kufundisha makarani na wachuuzi.

6. Kutunza. Nani atalipia stima, intaneti na fundi mwaka ujao? Swali hili lisipojibiwa mapema, mashine huishia stoo na pesa za wananchi zimepotea. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tena, tangu 2019 kuna sheria ya kulinda habari za watu. Majina na namba za simu za wachuuzi si za kugawa ovyo.

Anahitaji nini?

Diploma au digrii ya kompyuta, biashara au usimamizi humfungulia mlango. Lakini kompyuta peke yake haitoshi. Lazima ajue kuandika ripoti, kuweka hesabu na kusema na wazee na vijana kwa heshima. Kijana aliyekuwa katibu au mweka hazina wa kikundi ameshaanza kujifunza hayo. Asiyaache nje ya barua yake ya maombi!

Kuomba kazi

Nafasi hutangazwa na Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti. Kuomba ni bure. Mtu akikuitisha "kitu kidogo" ili akupe kazi, huyo ni mwizi. Usimpe hata shilingi. Pia usiogope kuomba katika kaunti isiyo ya kwenu. Sheria ya kaunti ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia kazi ziende kwa watu wasio wa kabila lililo kubwa hapo.

Na kikundi je?

Hata kama hamna kijana wa kuomba kazi hii, mna sehemu yenu. Katiba inataka wananchi washirikishwe. Kaunti ikiita mkutano wa bajeti, tumeni watu wawili waulize: mradi huu utagharimu ngapi, na nani atautunza?

Maswali ya kujadiliana

- Ni mradi gani wa kompyuta au sola kwetu uliolala? Ni hatua gani iliyorukwa?
- Ni kijana yupi kati yetu angeiweza kazi hii? Tumsaidieje?
- Nani atatuwakilisha katika mkutano ujao wa bajeti?