Tovuti ya miche ilipowekewa alama nyekundu wiki chache kabla ya mvua

Leo tuweke pembeni mbolea na viwavijeshi kidogo. Kuna jambo lilininyima usingizi msimu uliopita, na naona linawanyemelea wengi mnaouza kwa mtandao.

Hapa mkoani Njombe kuna kikundi cha vijana sita ambacho niko nacho tangu walipoanza kitalu cha parachichi za Hass. Miche yao imebebeshwa vizuri, viriba safi, sina shaka nayo. Walikuwa na tovuti ndogo yenye bei, picha za kitalu, makala za kuchimba mashimo na namba ya kuagizia. Wateja wa mbali waliwapata kwa kutafuta Google. Mwishoni mwa mwezi wa kumi, wakati watu wanachimba mashimo wakisubiri mvua, simu zikakata ghafla. Wakadhani ni mtandao. Siku ya tatu mteja wa Mbeya aliyeagiza miche 800 akampigia mweka hazina: "Dada, samahani, hela situmi. Nimefungua ukurasa wenu simu yote imekuwa nyekundu, inasema kuna hatari mbele. Nyie ni watu wa kweli kweli?"

Hapo ugomvi ukaanza.

Mwenyekiti alifungua tovuti kwenye kompyuta ya kikundi, akaona onyo, akalazimisha kuingia hivyo hivyo. Akakuta picha ziko palepale, bei zilezile. "Mnaona? Hakuna kirusi hapa. Google wanatuonea." Mwingine akasema ni washindani wa kijiji jirani wamewachongea. Wa tatu akamtaja fundi aliyewatengenezea tovuti, maana walikuwa bado hawajammalizia 150,000 zake. Wakasema ametegesha kitu makusudi ili alipwe. Na mimi, nikiri tu, niliunga mkono hilo la tatu. Niliwaambia wasimpe hata shilingi mpaka aondoe alichokiweka. Fundi aliposikia hivyo akazima simu siku tano.

Siku tano hizo zilikuwa ghali sana.

Sasa nieleze kinachotokea, maana bila kukielewa mtalaumu mtu asiyehusika kama nilivyofanya. Google wana mfumo uitwao Safe Browsing. Mitambo yao inatembelea kurasa kwa kompyuta za majaribio, inatazama kama ukurasa unajaribu kupenyeza programu hasidi, yaani programu ya kuiba au kuharibu, au kumdanganya mtu atoe neno lake la siri. Ukurasa ukikamatwa unaingia kwenye orodha. Orodha hiyo haitumiwi na kivinjari cha Chrome peke yake, hata Firefox na Safari wanaitumia. Ndiyo maana kubadilisha kivinjari hakusaidii.

Mnakumbuka ugonjwa wa miguu na midomo unavyoshughulikiwa? Afisa mifugo anafunga mnada, na mwenye ng'ombe anapiga kelele kwamba wa kwake wanakula na kucheua vizuri. Haambiwi kwamba yeye ni mwizi. Anaambiwa mifugo isitoke. Onyo la Google ni karantini ya namna hiyo. Ila mteja halisomi hivyo. Yeye anasoma "hawa ni matapeli," anaenda kwa jirani.

Na ng'ombe mwenyewe anaweza kuonekana mzima kabisa. Hili ndilo linalozaa ugomvi kuliko yote. Wadukuzi wengi wanaficha kazi yao kwa mwenye nyumba. Mtu akiandika anwani mwenyewe, anaona tovuti yake kama kawaida. Mtu akitokea kwenye matokeo ya Google, hasa kwa simu, anarushwa kwenye ukurasa mwingine. Kwa hiyo mwenye tovuti anaapa ni safi, mteja anaapa ni chafu, na wote wawili wanasema kweli. Ni kama kantangaze kwenye nyanya: kiwavi yuko ndani ya jani, na ukipita njiani shamba ni kijani tu.

Kuna wakati Google wenyewe wanakosea, tuwe wakweli. Tarehe 31 Januari 2009, Jumamosi jioni kwa saa zetu, walitia alama karibu kila tovuti duniani kwamba inaweza kudhuru kompyuta yako. Hata kurasa zao wenyewe. Mtu alikuwa akiongeza anwani mpya kwenye orodha, ikaingia alama moja ya mkwaju, "/", peke yake. Kwa mfumo ule, alama hiyo inamaanisha anwani zote. Kosa lilidumu kama dakika 40 kwa kila tovuti. Hata pale kulitokea kutupiana lawama: maelezo ya kwanza ya Google yalisema orodha inatoka StopBadware, shirika lisilo la faida lililokuwa likishirikiana nao. StopBadware wakajibu kwamba orodha ni ya Google wenyewe, na Google wakasahihisha maelezo yao. Kama wao waligombana kuhusu nani kaleta tatizo, sishangai vijana sita wa kitalu kugombana.

Lakini makosa kama hayo ni machache. Ukiona onyo kwenye tovuti yako, anza kwa kuamini kuna kitu.

Turudi Njombe. Siku ya sita nilimfuata fundi nyumbani kwake, nikaomba radhi kwa kauli yangu. Hakunikaribisha ndani, tuliongea tukiwa tumesimama uani. Akasema, "Afisa, ulinihukumu bila kuniuliza." Sikuwa na la kujibu. Akachukua simu yangu, akatafuta tovuti ile kupitia Google, akalipita onyo: tukatua kwenye ukurasa wa kigeni unaotaka nipakue programu ya kusasisha simu. Kisha akaandika anwani moja kwa moja: miche ya parachichi, safi kabisa.

Akatuonyesha chanzo. Miezi miwili nyuma kijana mmoja wa kikundi aliweka fomu ya kuagizia, plagini ambayo kihalali inauzwa kwa dola. Yeye aliipata bure kwenye ukurasa wa kugawa nakala zilizovunjwa. Alitaka kuokoa hela ya kikundi, hakuwa na nia mbaya. Lakini nakala za aina hiyo mara nyingi zinakuja na mdudu ndani, kama mbegu ya kuokota iliyokwisha kuoza. Tena pasiwedi ya msimamizi ilikuwa moja, watu sita wanaijua, hivyo hakuna aliyejua nani kaweka nini.

Fundi aliondoa plagini, akafuta msimamizi asiyejulikana aliyejiongeza mwenyewe, akabadilisha maneno ya siri yote. Kisha akaingia Search Console, huduma ya bure ya Google kwa wenye tovuti, kwenye sehemu ya masuala ya usalama inayotaja mifano ya kurasa zilizoathirika, akaomba ikaguliwe upya na kueleza alichosafisha. Ombi la kwanza likakataliwa. Kulikuwa na faili moja dogo limebaki kwenye folda ya picha, mlango wa nyuma. Akalitoa, akaomba tena. Siku chache baadaye wekundu ukaondoka.

Msiombe ukaguzi kabla hamjasafisha kwa kweli, na msisafishe juu juu. Tangu 2016 Google wana utaratibu kwamba tovuti inayojisafisha ipite ukaguzi kisha kurudia uchafu inaweza kunyimwa nafasi ya kuomba ukaguzi kwa siku 30. Siku 30 kwa muuza miche mwezi wa kumi na moja ni msimu mzima.

Vikundi ninavyovitembelea sasa nawauliza mambo haya kabla ya kuuliza habari za umwagiliaji: nani ana pasiwedi, kila mtu ana yake? Nakala rudufu ya tovuti iko wapi, nje ya seva? Plagini zimesasishwa lini? Search Console imeunganishwa na barua pepe inayosomwa? Ile ya kikundi cha Njombe ilikuwa imeunganishwa. Google waliwatumia taarifa siku ya kwanza kabisa, kwenye barua pepe ambayo hakuna aliyeifungua tangu mwezi wa saba.

Kwa jumla walipoteza siku 19. Mteja wa Mbeya alishanunua kwingine. Miche 2,300 ilibaki, wakalazimika kuihamishia kwenye viriba vikubwa na kuimwagilia mwaka mzima, gharama ambayo haikuwa kwenye bajeti. Fundi alilipwa 150,000 zake na nyingine 100,000 za kusafisha. Tovuti anaendelea kuiangalia kwa malipo ya kila mwezi, ila mwenyekiti akimpigia bado anajibu kwa ujumbe mfupi tu.