Kiwanja kilichopimwa: Lipi ni deni la Serikali, lipi ni mchango wa majirani?

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

MWENYE nyumba katika eneo lililopangwa hupokea madai ya fedha kutoka kila upande. Kuna pango la ardhi, kodi ya majengo, ada ya taka, mchango wa ulinzi, mchango wa kuchonga barabara ya mtaa na, kwa anayeishi katika jengo la ghorofa, ada ya huduma za pamoja.

Madai hayo yote huishia kwenye mfuko mmoja, wa mwenye nyumba. Nguvu zake kisheria, hata hivyo, hazilingani. Deni moja laweza kumpotezea mtu kiwanja chake; jingine, asipolilipa, humletea lawama za majirani tu.

Suala hilo lina uzito wa pekee Zuzu, kata iliyo upande wa magharibi wa Jiji la Dodoma, inayofahamika kwa stesheni yake ya reli ya kati na kituo kikubwa cha kupozea umeme. Maeneo ya pembezoni kama hayo ndiko mji unakoelekea, na ndiko mashamba ya jana yanakogeuka kuwa viwanja vyenye namba.

Anayehama kutoka shamba la urithi kuingia katika kiwanja kilichopimwa huvuka mpaka usioonekana kwa macho. Shambani alitawaliwa zaidi na mila na ujirani. Kiwanjani anatawaliwa na maandishi.

Mji ulioanza kwa mpango

Dodoma si mji uliokua wenyewe. Mwaka 1973 chama cha TANU kiliamua makao makuu ya nchi yahamie hapa, na katika mwaka huo ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, iliyojulikana zaidi kwa kifupi cha CDA. Mpango kabambe wa kwanza wa mji mkuu uliandaliwa na kampuni ya washauri kutoka Toronto, Canada, na kukamilika mwaka 1976.

Kwa miongo minne CDA ndiyo iliyogawa viwanja, kuweka masharti ya ujenzi na kukusanya pango. Mwenye kiwanja alikuwa mpangaji wa mamlaka hiyo kwa kipindi cha miaka 33, huku manispaa nayo ikiwa na kodi, ada na sheria zake ndogo. Mwananchi mmoja alijikuta chini ya wakubwa wawili.

Mei 15, 2017 Rais John Magufuli aliivunja CDA na kuagiza majukumu yake yahamie Halmashauri ya Manispaa ya Dodoma. Aliagiza pia muda wa umiliki ubadilishwe kutoka miaka 33 hadi 99, kama ilivyo katika maeneo mengine ya nchi. Aprili 2018 manispaa hiyo ikapandishwa hadhi kuwa Jiji.

Hivyo basi, mtu ambaye bado ameshika karatasi za CDA hana sababu ya kuzitupa, bali anapaswa kuzipeleka ofisi ya ardhi ya Jiji na kuulizia utaratibu wa kupata hati mpya. Aidha, anayenunua kiwanja cha zamani aangalie kwanza ni karatasi gani anayokabidhiwa.

Hati ni mkataba

Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999, ardhi yote nchini ni mali ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Mwenye hati anamiliki haki ya kuikalia na kuitumia ardhi kwa muda uliotajwa, ambao hauzidi miaka 99.

Haki hiyo huambatana na masharti. Hati hutaja matumizi yanayoruhusiwa, kama vile makazi au biashara, na humtaka mmiliki aendeleze kiwanja ndani ya muda maalumu. Hati nyingi za viwanja vya makazi huweka miezi 36. Mmiliki hutakiwa pia kulinda mawe ya mipaka na kupata kibali cha ujenzi kabla ya kuanza kuchimba msingi.

Kubadili matumizi kunahitaji idhini. Anayegeuza nyumba ya makazi kuwa baa, karakana au ghala bila kibali anakiuka hati yake na Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007, hata kama majirani wote wameridhia. Ridhaa ya jirani haichukui nafasi ya kibali cha mamlaka ya upangaji.

Mmiliki akikiuka masharti, Kamishna wa Ardhi anaweza kumpa ilani na kumtaka ajirekebishe. Ukiukwaji ukiendelea, hatua ya mwisho ni kufutwa kwa miliki, na mamlaka hayo ni ya Rais peke yake. Mwenyekiti wa mtaa, kamati ya wakazi au kampuni iliyouza kiwanja haiwezi kufuta miliki ya mtu.

Pango la ardhi na kodi ya majengo

Watu wengi huchanganya malipo haya mawili. Pango la ardhi hulipwa Serikalini kila mwaka kwa sababu ya kuikalia ardhi, hata kama kiwanja hakina tofali moja. Kiwango chake hutegemea ukubwa wa kiwanja, matumizi yake na mahali kilipo.

Pango lisipolipwa, riba huongezeka. Mwaka 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alitoa msamaha wa riba kwa wadaiwa waliolipa deni la msingi, jambo linaloonyesha jinsi malimbikizo yalivyokuwa makubwa nchini. Msamaha wa namna hiyo huwa na kikomo, na si jambo la kupangia bajeti. Mdaiwa sugu anaweza kufikishwa mbele ya Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na kutolipa pango ni miongoni mwa sababu zinazoweza kumfikisha mtu kwenye kufutiwa miliki.

Kodi ya majengo ni kitu kingine. Hiyo hutozwa kwa sababu ya jengo, na tangu Agosti 2021 hukatwa kidogo kidogo mteja anaponunua umeme wa LUKU. Ilianza kwa Sh1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na Sh5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa mijini. Julai 2023 viwango hivyo vilipandishwa hadi Sh1,500 na Sh7,500, sawa na Sh18,000 na Sh90,000 kwa mwaka.

Hapa mpangaji hana budi kuwa macho. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, lakini anayenunua umeme ndiye anayekatwa. Ni vyema wawili hao wakubaliane mapema, kwa maandishi, namna fedha hiyo itakavyorudishwa au kupunguzwa katika kodi ya pango la nyumba. Nyumba moja yenye mita zaidi ya moja nayo haipaswi kukatwa mara mbili. Mwenye tatizo hilo atoe taarifa ili mita ya ziada iondolewe katika makato.

Ada za halmashauri na michango ya mtaa

Kundi la tatu ni ada zinazotozwa na halmashauri, kama vile ada ya kuzoa taka. Ada hizo ni halali pale zinapotokana na sheria ndogo zilizopitishwa kwa utaratibu. Mwananchi ana haki ya kuuliza ni sheria ndogo ipi, kiwango chake ni kipi, na kupewa stakabadhi ya Serikali.

Kundi la nne ni michango ambayo wakazi hujipangia wenyewe: mlinzi wa usiku, taa za barabarani, kifusi cha kujaza mashimo wakati wa masika, au rambirambi. Michango hiyo husimamiwa na umoja wa wakazi, ambao unaweza kuandikishwa kwa Msajili wa Vyama.

Umoja wa namna hiyo una manufaa makubwa, hasa katika mitaa mipya ambako watu wamehamia kabla ya huduma kufika. Hata hivyo, nguvu yake hutokana na hiari ya wanachama na katiba waliyojiwekea. Hauna mamlaka ya kumfukuza mtu katika kiwanja chake wala kumzuia kukiuza. Wala stakabadhi ya umoja haiwezi kuwa uthibitisho kwamba pango la ardhi limelipwa.

Hapo ndipo tofauti na nchi nyingine inapojitokeza. Nchini Marekani, katika mitaa mingi iliyojengwa kwa mpango mmoja, kila anayenunua nyumba huwa mwanachama wa chama cha wamiliki papo hapo, kwa sababu masharti yamefungwa kwenye hati ya nyumba. Katika majimbo mengi chama hicho kinaweza hata kuiuza nyumba ya mwanachama kwa sababu ya ada asizolipa. Kwa nyumba za kawaida za viwanjani nchini Tanzania, masharti yanayofungamana na ardhi ni yale yaliyomo katika hati iliyotolewa na Serikali.

Ghorofani mambo hubadilika

Hali ni tofauti kwa anayenunua sehemu ya jengo. Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Jengo ya mwaka 2008 inamwezesha mtu kupata hati ya nyumba yake iliyo ghorofani, huku ngazi, paa, lifti, mabomba makuu na uwanja vikibaki kuwa mali ya wote.

Chini ya sheria hiyo wamiliki huunganishwa katika chama chenye hadhi ya kisheria. Kujiunga si suala la hiari, kwani umiliki ndio uanachama. Chama huweka kanuni, hukusanya michango ya matengenezo na kinaweza kumdai mahakamani asiyelipa. Kanuni hizo humhusu pia mpangaji.

Mgawanyo wa gharama hufuata kigawo cha kila sehemu. Chukulia mfano wa jengo ambalo gharama zake za pamoja kwa mwezi ni Sh600,000. Mwenye sehemu ya asilimia 12 atachangia Sh72,000, na mwenye asilimia 8 atachangia Sh48,000, hata kama wote wawili hutumia ngazi ileile. Haki ya kupiga kura na kukagua hesabu huambatana na wajibu huo.

Vilevile kuna nyumba zinazouzwa na kampuni au shirika kwa mkataba unaotaja ada ya huduma. Ada hiyo hudaiwa kwa nguvu ya mkataba. Mnunuzi aulize kabla ya kusaini: nani anapanga kiwango, kinapandishwa kwa utaratibu gani, na hesabu husomwa wapi.

Pa kukimbilia

Mgogoro ukizuka, hatua ya kwanza ni kuomba maelezo kwa maandishi kutoka kwa anayedai. Baraza la Kata lipo kwa ajili ya usuluhishi. Tangu mwaka 2021 halina tena mamlaka ya kuamua mashauri ya ardhi. Uamuzi hutafutwa katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na rufaa hupanda hadi Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani.

Kwa anayekusudia kununua kiwanja Zuzu au kwingineko, mambo manne yanatosha kumwepusha na majuto. Kwanza, afanye upekuzi katika ofisi ya ardhi ili kujua jina lililomo katika kumbukumbu. Karatasi ya mauziano iliyoshuhudiwa mtaani si hati. Pili, aombe uthibitisho kwamba pango limelipwa hadi mwaka huu. Tatu, asome masharti ya hati, hasa matumizi na muda wa kuendeleza. Nne, alipe madai ya Serikali kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, si mkononi mwa mtu.

Baada ya hapo atunze kila stakabadhi, ya Serikali katika jalada lake na ya umoja wa mtaa katika jalada jingine. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na ardhi ndiyo mali ambayo wengi hupata mara moja tu katika maisha yao.