Sarufi ya Msaada: Maelezo ya Ustawi wa Madaktari Walio Mafunzoni Nchini Marekani

Makala haya yanachunguza lugha ambayo programu za mafunzo ya ubingwa wa udaktari nchini Marekani huitumia kueleza msaada zinaowapa madaktari wanafunzi kwa ajili ya afya ya mwili na akili. Maelezo hayo, ambayo siku hizi huenezwa hasa kwa intaneti, yana wasomaji wawili wasiofanana. Wa kwanza ni mwombaji anayechagua mahali pa kujifunzia. Wa pili ni daktari aliyekwisha kupokewa, ambaye yamkini huyasoma usiku wa manane, amechoka, wala hajui amwendee nani. Hoja ya makala ni kwamba maneno yanayomridhisha wa kwanza yaweza kumwacha wa pili mikono mitupu, na kwamba chanzo kimojawapo cha upungufu huo kimo katika sarufi.

Chimbuko la masharti

Suala hili lilianza kama suala la usalama wa wagonjwa. Mwaka 1984 Libby Zion, msichana wa miaka 18, alifariki katika hospitali jijini New York alikokuwa akihudumiwa na madaktari walio mafunzoni. Kifo chake kilizusha mjadala mkali juu ya saa za kazi, na mwaka 1989 jimbo la New York liliweka mpaka wa saa 80 kwa juma. Mwaka 2003 ACGME, baraza linalozipa programu hizo ithibati, liliweka mpaka kama huo kwa nchi nzima, kwa wastani wa majuma manne.

Mwaka 2017 baraza hilo lilipanua masharti yahusuyo ustawi wenyewe. Programu zilitakiwa kuwawezesha wanafunzi kupata ushauri na matibabu ya akili kwa siri na kwa gharama wanayoimudu, pamoja na huduma ya dharura saa 24 kila siku. Zilitakiwa pia kuwapa nafasi ya kwenda kutibiwa hata katika saa za kazi.

Kauli na mtenda

Kwa kuwa asili ya maelezo hayo ni Kiingereza, Kiswahili chafaa kuwa kioo chake: mfasiri hana budi kuchagua kauli ya kitenzi, na uchaguzi huo hufichua mengi. Sentensi mbili zifuatazo zimetungwa kwa ajili ya mfano:

(a) Ushauri wa siri unapatikana kwa wanafunzi wote.

(b) Hospitali humlipa mshauri. Mwanafunzi aweza kumpigia simu saa yoyote. Mkuu wa zamu humtafuta daktari wa kushika nafasi yake.

Katika (a) kitenzi kimo katika kauli ya kutendeka, ambayo haipokei mtenda. Yawezekana kusema ushauri "unatolewa na hospitali", lakini si kwamba "unapatikana na hospitali". Basi msaada upo, ila hakuna autoaye. Mtenda pekee anayebaki akilini ni mwanafunzi mwenyewe, ambaye sharti autafute. Katika (b) kila tendo lina mwenyewe, na asipotimiza aweza kuulizwa.

Msamiati

Uteuzi wa maneno nao huhamisha mzigo. Uchovu wa kazi unaomaliza nguvu za mtu ulipewa jina la kitaalamu na Herbert Freudenberger mwaka 1974, kwa sitiari ya kitu kilichoungua kikaisha. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa hali hiyo hutokana na shinikizo la muda mrefu kazini, wala si ugonjwa. Hata hivyo, maelezo yanayosisitiza "ustahimilivu" humtazama anayeungua, si moto unaomwunguza.

Neno "siri" lina uzito zaidi. Katika majimbo mengi fomu za leseni zimewahi kuwauliza madaktari juu ya historia yao ya maradhi ya akili, na wengine wameogopa kutibiwa kwa sababu hiyo. Mwaka 2018 shirikisho la bodi za leseni lilipendekeza maswali, kama yapo, yahusu tu hali ya sasa inayodhoofisha utendaji. Mwaka 2022 ilipitishwa sheria ya taifa yenye jina la Lorna Breen, daktari wa New York aliyejiua mwaka 2020, ili kugharimia juhudi za kulinda afya ya akili ya wahudumu wa afya. Kwa msomaji mwenye hofu hiyo, "siri" isiyotaja nani hataambiwa si ahadi.

Hitimisho

Maelezo ya ustawi hupimwa kwa maswali manne: nani hutoa msaada, saa ngapi, kwa gharama ya nani, na nani atajua. Yanayojibu yote manne humfaa hata mwombaji. Yasiyojibu hubaki kuwa tangazo, na daktari aliyechoka hurudi zamu kama alivyokuja.